Jinsi Ilivyojulikana Kuwa Damu Huzunguka

Ndugu mmoja katika baraza yetu alituuliza suala ambalo hatukuweza kumjibu usiku ule ule. Alisema: Ikiwa Waislamu walikuwa na Ar-Razi na Ibn Sina na Ibn Nafis, na Wazungu wa zama hizo wakivifasiri vitabu vyetu kwa Kilatini ili wapate kusoma utabibu, basi kulitokea jambo gani hata leo kijana wetu atakaye kujua moyo unavyofanya kazi hana budi kufunua kitabu cha Kizungu? Mmoja alijibu kuwa ni kwa sababu ya mali yao. Mwengine akasema ni bunduki zao. Na mzee mmoja akasema kuwa yote hayo yamo vitabuni mwetu, ila sisi hatuvisomi. Sisi twaona majibu yote matatu yalitolewa kwa haraka. Katika darasa hili twataka kulishika jambo moja tu, nalo ni mwendo wa damu mwilini, tulifuate tangu mwanzo wake. Kwani alifahamuye moja barabara huwa ameshika uzi wa kuyafikia mengine.

Hatuna budi kuanza na Galen, ambaye vitabu vya Kiarabu humwita Jalinus. Alizaliwa mwaka 129 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, katika mji wa Pergamon, ambao sasa umo katika nchi ya Uturuki, na akawa tabibu wa Makaisari wa Roma. Msomaji asidhani kuwa mtu huyu alikuwa mjinga. Alipasua kima na nguruwe na wanyama wengineo kwa mkono wake mwenyewe, na yeye ndiye aliyethibitisha kuwa mishipa ipigayo, ambayo leo huitwa ateri, imejaa damu, wala si pumzi kama walivyodhani baadhi ya waliomtangulia. Lakini desturi ya Roma haikumruhusu kupasua maiti za watu, basi aliyoyaona kwa kima aliyahukumia kuwa ndiyo yaliyomo katika binadamu.

Mafundisho yake juu ya damu yalikuwa hivi. Chakula huiva tumboni, kisha ini hukigeuza damu. Damu hiyo hutoka katika ini ikafuata mishipa isiyopiga, ndiyo vena, hata ikafika kwenye kila kiungo; na kila kiungo hukinywa kile kilichofika kama shamba linywavyo maji ya mvua, kikaisha hapo hapo. Siku ya pili ini hutengeneza damu mpya. Sehemu ndogo ya damu huingia upande wa kulia wa moyo, nayo hupenya kwenda upande wa kushoto kwa vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vilivyo katika ukuta wa nyama ulio baina ya pande mbili. Huko kushoto hukutana na hewa itokayo mapafuni, ikapata uhai na joto, ikapelekwa mwilini kwa ateri.

Pamoja na hayo yalikuwako mafundisho ya vitu vinne vinavyotawala mwili: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na tabia zake za moto na baridi, umajimaji na ukavu. Mambo haya hayako mbali nasi. Mtu wa Mombasa au Lamu anapolalamika kuwa anaumwa na baridi yabisi, maneno anayoyatamka ni ya madhehebu ya Jalinus, kwani yabisi ni kavu, na maradhi yale yalihesabiwa kuwa asili yake ni baridi na ukavu. Utabibu wa Kiyunani ulitufikia kwa njia ya Kiarabu, ukaketi katika ndimi zetu, na wengi wetu twausema wala hatujui kuwa twausema.

Kwa muda wa miaka zaidi ya 1,300 kitabu cha Jalinus kilikuwa ndicho kadhi. Ikiwa jicho limeona jambo na kitabu kimesema jengine, jicho ndilo lililohukumiwa kuwa limekosa. Hata hivyo walikuwako watu, na wa kwanza wao walikuwa wetu. Ar-Razi, aliyefariki katika karne ya kumi, alitunga kitabu kizima cha kutaja shaka zake juu ya Jalinus. Na Abdul-Latif Al-Baghdadi alikuwako Misri katika njaa kuu iliyoanza mwaka 1200. Watu walikufa kwa maelfu, na mifupa ikalala juu ya ardhi bila ya mtu wa kuizika. Jalinus alikuwa amesema kuwa taya la chini la binadamu ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Abdul-Latif akaenda akatazama, akakuta ni mfupa mmoja. Hakutosheka na mafuvu matatu manne. Alitazama zaidi ya elfu mbili, na akawataka na wengine watazame, asije akawa macho yake yamemdanganya. Kisha akaandika kuwa Jalinus ni mtu wa daraja kubwa, lakini ushahidi wa macho ni mkweli zaidi kuliko yeye.

Baada yake akaja Ibn Nafis, Mwenyezi Mungu amrehemu, tabibu aliyetoka Sham akafanya kazi Misri na kufia Kairo mwaka 1288. Katika sherehe yake ya sehemu ya Qanun ya Ibn Sina inayoeleza viungo vya mwili, aliyoitunga mwaka 1242, alisema waziwazi kuwa ukuta ulio kati ya pande mbili za moyo ni mzito, hauna vitundu vinavyoonekana wala vile visivyoonekana alivyovidhania Jalinus. Basi damu haina njia ya kutoka kulia kwenda kushoto isipokuwa kwa kupita mapafuni. Mwanzoni mwa kitabu hicho alisema kuwa sharia, pamoja na huruma aliyonayo, vilimzuia asipasue maiti. Na wanavyuoni wa leo bado wanabishana kama alilipata jambo hili kwa kufikiri tu au kwa kuona pia. Kwa vyovyote vile, ni yeye wa kwanza kuijua safari ya damu mapafuni na kuiandika.

Hapa ndipo wengi wetu husimama wakapiga makofi, wakasema: Tazameni, Wazungu wametuibia. Sisi hatusimami hapa. Kwanza, ushahidi wa yakini kuwa Wazungu waliuchukua mlango huo kwake haujapatikana. Pili, na hili ndilo lituumizalo, Qanun ilizidi kusomeshwa kama ilivyokuwa, na neno la Ibn Nafis halikuwa msingi wa utabibu mpya. Mwaka 1924 daktari kijana wa Kimisri, Muhyiddin At-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, ndiye aliyeikuta nakala ya sherehe ile katika maktaba ya Berlin, na hapo ndipo ulimwengu wa sasa ulipotambua yaliyokuwamo ndani yake. Zaidi ya miaka 600 ilikuwa imepita. Mwenye kujisifu kwa hazina ya babu yake aliyoonyeshwa na wageni yafaa ainamishe kichwa kidogo kabla ya kukiinua.

Sasa twende Italia. Katika mji wa Padua kulikuwa na chuo kikubwa, na desturi ya kusomesha viungo vya mwili ilikuwa hivi: mwalimu hupanda juu ya kiti kirefu akasoma maneno ya Galen, chini yake kinyozi hupasua maiti, na mtu wa tatu huashiria kwa fimbo kiungo kilichotajwa. Msomaji hakitazami kilichopasuliwa, na mpasuaji hajui kinachosomwa. Mwaka 1537 alikuja kusomesha hapo kijana wa Brussels aitwaye Vesalius. Yeye aliteremka kitini, akashika kisu mwenyewe, akawataka wanafunzi wasogee karibu. Mwaka 1543 alichapisha huko Basel kitabu kikubwa chenye picha za ajabu za mwili wa binadamu. Na katika mwaka huo huo kilichapishwa kitabu cha Copernicus kilichosema kuwa ardhi hulizunguka jua. Vesalius aliona kuwa makosa mengi ya Galen yalitokana na kumpasua kima akidhani amempasua mtu. Na taya la chini? Alilikuta ni mfupa mmoja, kama alivyolikuta Abdul-Latif zaidi ya miaka 300 kabla yake.

Mwalimu wake wa zamani wa Paris, jina lake Sylvius, alikasirika mno. Alipoonyeshwa kuwa mifupa haiwafikiani na kitabu, alisema kuwa Galen hakukosea, bali miili ya watu ndiyo iliyobadilika tangu zama zake! Twamtaja kwa sababu Sylvius hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa mwanachuoni mkubwa wa zama zake. Taasubi haimpati asiyesoma peke yake. Na Vesalius naye, pamoja na ushujaa wake, alipofika kwenye ukuta wa moyo alisitasita. Katika chapa ya kwanza alistaajabia tu uweza wa Muumba, aliyeijaalia damu ipenye mahali ambapo jicho halioni tundu. Ilimchukua mpaka chapa ya pili, mwaka 1555, kusema kuwa haoni vipi jambo hilo litawezekana.

Katika Padua hiyo hiyo alikuja kusoma Muingereza aitwaye William Harvey, aliyezaliwa Folkestone mwaka 1578, akahitimu mwaka 1602. Mwalimu wake, Fabricius, alikuwa amechunguza vijilango vidogo vilivyo ndani ya vena, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1603. Alidhani kazi ya vijilango hivyo ni kuizuia damu isiteremke kwa wingi ikajaa miguuni na mikononi. Harvey alivitazama vile vile alivyovitazama mwalimu wake, lakini akauliza suala jengine: Vinafungukia wapi? Akaona kuwa vyote hufungukia upande wa moyo. Hata vena za shingo, ambazo damu yake huteremka, vijilango vyake vimeelekea chini, uliko moyo. Basi kama kazi yake ni kuizuia damu isianguke miguuni, vya shingoni vyafanya nini?

Harvey alirudi London akawa tabibu, hata akawa tabibu wa mfalme. Kwa miaka mingi alipasua kila mnyama aliyempata: mbwa, chura, nyoka, mkunga, konokono, na hata kamba wadogo ambao mwili wao hupenyeza mwanga, moyo ukaonekana ukipiga ndani. Aliwapenda hasa wanyama wa damu baridi, kwa kuwa mioyo yao huenda polepole, na wa mbwa huenda mbio jicho lisiweze kuufuata. Alimfungua nyoka aliye hai, akaubana mshipa uingiao moyoni: moyo ukapauka, ukasinyaa, ukawa mtupu. Akauachia, akaubana ule utokao: moyo ukavimba, ukawa wa rangi ya zambarau, kama unaotaka kupasuka. Nyoka hakusoma Galen wala hakusoma Aristotle. Alijibu kama alivyoumbwa.

Lakini hoja iliyowakata wapinzani wake ilikuwa ni hisabu, nayo ni hisabu ambayo mwenye duka yeyote wa mji wetu wa zamani angeliweza kuifanya kwa mizani yake. Tuseme kila pigo la moyo hutoa nusu wakia ya damu. Katika nusu saa moyo hupiga zaidi ya mara 1,000. Nusu wakia mara 1,000 ni wakia 500, nazo ni zaidi ya ratili 31. Fanya hivyo usiku na mchana, utapata ratili 1,500, uzito wa watu kumi wazima. Je, ni chakula gani alacho mtu kwa siku moja kikageuka ratili 1,500 za damu? Na ikiwa viungo vinainywa damu yote hiyo, inakwenda wapi? Wala Harvey hakutaka kuambiwa kuwa ametia chumvi. Alishuka mpaka kwenye thumni moja ya wakia kwa kila pigo, na hata hapo jumla yake, karibu ratili 8 kwa nusu saa, ikawa ni nyingi kuliko awezavyo mtu kula na kunywa. Leo twajua kuwa makisio yake yalikuwa madogo mno. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hutoa kiasi cha lita 5 kwa dakika moja, na damu yote iliyo mwilini ni kiasi hicho hicho, yaani ratili kumi na moja hivi. Haiwezekani, basi, ila iwe ni damu ile ile inayotoka na kurudi.

Twaomba msomaji alizingatie jambo hili, kwani hapa ndipo lilipo jibu kubwa la suala la ndugu yetu. Abdul-Latif alitazama kwa macho yake. Ibn Nafis alifikiri kwa akili yake iliyo kali. Harvey aliyafanya yote mawili, kisha akahesabu na akapima, halafu akatafuta jaribio ambalo likenda huku Galen ana haki, na likenda kule hana. Na wenziwe wa zama hizo walikuwa wakifanya vivyo hivyo katika mambo mengine: Galileo alipima mwendo wa mpira wa shaba unaoteremka kwenye ubao ulioinama, na Torricelli mwaka 1644 alionyesha kwa zebaki iliyo ndani ya kigae cha kioo kuwa hewa ina uzito.

Jaribio la Harvey lilikuwa juu ya mkono. Alimfunga mtu kitambaa juu ya kiko cha mkono, akakaza sana. Mshipa wa kiganjani ukaacha kupiga, mkono ukawa baridi. Na juu ya kifungo ateri ikavimba kwa kupiga. Kisha akakilegeza kidogo. Mara damu ikaingia kwa kasi, mkono ukawa mwekundu, na vena zikavimba chini ya kifungo, wala si juu yake. Kwa nini? Kwa sababu ateri ziko ndani na vena ziko karibu na ngozi. Kifungo kilicholegezwa huziachia ateri, lakini vena bado kimezibana. Damu imeingia kwa mlango mmoja, na mlango wa kutokea umefungwa. Kama vena zingelikuwa zaleta damu kutoka katika ini, zingelijaa juu ya kifungo, si chini.

Jaribio la pili msomaji aweza kulifanya mwenyewe, kwani halina madhara. (Lile la kufunga mkono alionelee kwenye maelezo yetu tu.) Atafute mtu ambaye mishipa yake imetoka nje, kama hamali wa bandarini au mvuvi mzee. Ataona katika vena za mkono wake vifundo vifundo. Hapo ndipo vilipo vijilango. Aweke kidole kimoja juu ya vena, chini ya kifundo, akaze. Na kwa kidole cha pili aisukume damu kwenda juu hata akipite kifundo. Kipande kile cha mshipa kitakuwa kitupu, na kitabaki kitupu: damu iliyo juu hairudi chini. Ainue kidole cha kwanza, na mara mshipa utajaa kutoka chini kwenda juu. Mishipa hiyo imekuwa mikononi mwa mahamali wote wa ulimwengu tangu kuumbwa kwao. Haikuhitaji darubini wala mashine. Ilihitaji mtu wa kuuliza.

Mwaka 1628 Harvey alichapisha mambo haya huko Frankfurt, katika kitabu kidogo cha Kilatini kisichofika kurasa mia. Yaliyompata twayasoma katika maneno ya rafiki yake Aubrey: wagonjwa walimpungukia, watu wa mtaani wakasema amepungukiwa na akili, na matabibu wakampinga. Riolan, bingwa mkubwa wa Paris, aliyakataa mengi ya maneno yake, na Harvey alimjibu kwa adabu mwaka 1649, akimrudisha kila mara kwenye mambo yaonekanayo.

Vijana wetu wawili watatu hupenda kusema kuwa Harvey aliwatupa wazee wote wa kale akaanza upya. Si kweli. Alimheshimu Aristotle hata mwisho wa umri wake, na Galen alimtaja kwa heshima, tena alitumia ushahidi wa Galen mwenyewe alipouona ni sahihi. Hata kuwatoa wagonjwa damu hakuacha, na desturi hiyo ilidumu katika Ulaya mpaka karne ya kumi na tisa, ikaua watu isiwaponye. Mtu hufunguliwa jicho moja, na la pili likabaki limefumba. Alilolikataa Harvey ni kuwa neno la mzee litoshe badala ya ushahidi. Na kwa upande wetu, wapo wanaoogopa kuwa mwenye kuzoea kumuuliza Jalinus ushahidi, kesho atauliza yasiyoulizwa. Sisi hatuuoni uhusiano huo. Jalinus hakuteremshiwa wahyi. Aliyempa heshima ya wahyi ndiye aliyevichanganya vitu viwili, wala si yule aliyekwenda kutazama mafuvu ya Misri akakuta taya ni mfupa mmoja.

Kitu kimoja kilibaki ambacho Harvey hakukiona. Alijua kuwa damu hutoka kwa ateri na kurudi kwa vena, lakini yavukaje kutoka huku kwenda kule? Alisema lazima iko njia, wala hakudai kuwa ameiona. Alifariki mwaka 1657. Miaka minne baadaye, mwaka 1661, Malpighi wa Bologna alilitazama pafu la chura kwa hadubini, akaviona vijishipa vyembamba mno vikiziunganisha ateri na vena. Ili kukifikia kitu hicho kimoja, alisema mwenyewe kwa mzaha, karibu awamalize vyura wote.